Bei ya Kisimani na Bei ya Makambako

Wasikilizaji wetu, mtu asimamaye Makambako husimama penye njia panda kubwa. Njia moja yaenda Iringa na Dar es Salaam; ya pili yaenda Mbeya, Tunduma na Zambia; na ya tatu yapanda Njombe, kisha yateremka mpaka Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita papo hapo. Malori huja yamebeba mafuta, mbolea, sabuni na nguo, na huondoka yamebeba mahindi, viazi, mbao na chai. Kutoka hapo mpaka bandari ya Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zaidi ya 600, na njia yenyewe ni ya kupanda, kwa kuwa bandari iko usawa wa bahari, na mji wa Njombe uko juu karibu mita 2,000.

Watu wa nchi hii wana swali ambalo wamelirudia kwa miaka mingi. Husema, "Twasikia ya kwamba huko Uarabuni mafuta hububujika chini ya mchanga kama maji ya chemchemi. Mbona basi hapa kwetu kibaba cha mafuta ya taa chatushinda kununua? Na mbona bei yapanda mwaka ambao hapa Njombe hapakutokea vita, wala njaa, wala mafuriko?" Swali hili ni la haki, wala si la mjinga. Leo twapenda kulijibu kwa kueleza habari zilizopita, maana anayeijua njia iliyopitwa na bei hatashangaa aionapo mlangoni pake.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Njombe na Iringa amelishuhudia, nalo ni ulanzi. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga, akaitega mbeta yake, na asubuhi huikuta imejaa. Kazi yake ni kisu, mbeta, na miguu ya kwenda na kurudi. Gharama ya kuutoa ulanzi katika mwanzi ni ndogo kabisa. Hata hivyo bei ya ulanzi sokoni haifuati gharama hiyo peke yake. Mwenye mianzi karibu na mji na mwenye mianzi bondeni mbali hupata bei ile ile sokoni. Lakini wa mbali amelipa miguu yake, au amemlipa mchukuzi, na wa karibu hakulipa kitu. Kama watu mjini ni wengi, na ulanzi wa karibu hautoshi, bei haina budi kupanda mpaka imridhishe hata yule wa mbali, la sivyo hatauleta. Hapo mtu wa karibu hupata faida kubwa pasipo kuongeza jasho lolote.

Mafuta ya ardhini yana kanuni hiyo hiyo. Viko visima vya karibu na visima vya mbali. Na hapa twasema karibu na mbali si kwa maili tu, bali kwa shida ya kuyatoa. Katika nchi za Ghuba, kama Saudi Arabia na Kuwait, mafuta yako mengi mahali pamoja, na nguvu ya ndani ya ardhi huyasukuma yenyewe. Katika miaka ya 1960 gharama ya kutoa pipa moja huko ilikuwa kama senti 10 mpaka 20 za dola. Pipa hilo la hesabu lina lita 159. Wakati ule ule bei iliyotangazwa ya pipa la Saudi Arabia ilikuwa dola 1 na senti 80. Basi kati ya gharama na bei palikuwa na nafasi kubwa, na nafasi hiyo waliigawana makampuni makubwa na serikali za nchi zenye visima. Makampuni yalipopunguza bei ya kutangazwa, serikali zilipunguziwa fungu lao. Kwa sababu hiyo nchi 5, yaani Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela, zilikutana Baghdad mwezi wa Septemba 1960, zikaunda umoja wao ujulikanao kwa jina la OPEC.

Hapo ndipo mafuta yanapoachana na ulanzi. Ulanzi ukilala huchacha, wala mgema hana uwezo wa kusema, "Nitaungoja mwezi ujao, bei itakuwa nzuri." Mahindi nayo hungoja kidogo tu, maana fukusi hawana subira. Lakini mafuta yakiachwa chini ya mwamba hayaozi. Mwenye kisima aweza kufunga koki leo na kuifungua mwakani, na mali yake iko palepale. Kwa hiyo mkulima wa Njombe, tangu alipoanza kununua mafuta, ameingia katika biashara ambayo mmoja auza kitu kisichoweza kungoja, na mwenzake auza kitu kiwezacho kungoja miaka elfu. Jambo hili msilisahau, kwa sababu litarudi mbele.

Sasa tuje katika historia yetu wenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi waliotawala Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao pasipo idhini ya Uingereza na pasipo ridhaa ya Waafrika walio wengi. Uingereza ikakataza mafuta yasipelekwe Rhodesia. Lakini Zambia, iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ilikuwa ikipokea mafuta yake kwa reli ipitayo Rhodesia. Wale walowezi nao wakaifungia Zambia njia. Migodi ya shaba, ambayo ndiyo iliyolilisha taifa lile, ikawa hatarini kusimama.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba bei ya mafuta kisimani yaweza kuwa si kitu, na bei ya njia ikawa ndiyo kila kitu. Kwanza mafuta yalipelekwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, yakiwa katika mapipa ya chuma. Hebu fikirini, ndege yenyewe hula mafuta mengi ili ifikishe mafuta machache, kama mchukuzi alaye nusu ya mzigo wake njiani. Kisha yakaja malori. Yalitoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro na Iringa, yakavuka nyanda zetu za juu, yakaelekea Mbeya na mpakani. Njia ilikuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi, na wakati wa masika ilikuwa tope na utelezi, na magari mengi yalipinduka. Wazungu waliipa jina la njia ya jehanamu, na madereva wetu na matingo wao walijua kwamba jina hilo halikutiwa chumvi. Mafuta yale yalikuwa yametolewa ardhini kwa senti chache; bali kuyafikisha Zambia kuligharimu magurudumu, injini, na maisha ya watu.

Serikali za Tanzania na Zambia zikaona ya kwamba njia ya namna hii haiwezi kudumu. Zikaamua kulaza bomba la chuma chini ya ardhi kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, mwendo wa kilomita 1,710. Kazi ilifanywa na Waitalia, na bomba likafunguliwa mwezi wa Septemba 1968. Jina lake ni TAZAMA, yaani Tanzania, Zambia na Mafuta; hisa 2 katika kila 3 ni za Zambia, na hisa 1 ni ya Tanzania. Bomba hilo huvuka nyanda hizi kati ya Iringa na Mbeya. Kwa kuwa mafuta hayapandi mlima kwa hiari yake, zilijengwa stesheni za pampu, kama zile za Morogoro, Iringa na Mbeya, za kuyasukuma kutoka usawa wa bahari. Mwanzoni lilichukua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Mwaka 1973, Zambia ilipofungua kiwanda chake cha kusafishia mafuta huko Ndola, bomba likaanza kuchukua mafuta ghafi. Miaka 50 baadaye kazi yake ikarudi karibu na ile ya kwanza, maana tangu mwaka 2023 limekuwa likichukua dizeli.

Twasema habari ya bomba kwa kirefu kwa sababu lina fundisho la uchumi. Bomba ni ghali sana siku ya kulijenga, na rahisi sana siku ya kulitumia. Lori ni kinyume chake: ni rahisi kulinunua kuliko kujenga bomba, lakini kila safari yahitaji dereva, matairi, na mafuta ya kulipeleka na kulirudisha. Kwa hiyo bomba hulipa mahali penye mafuta mengi ya kupita kila siku kwa miaka mingi; na mahali penye haja ndogo, kama vijiji vya Njombe, lori halina budi kuendelea. Ndiyo maana mkulima wa nyanda hizi aliweza kukaa karibu na bomba lililojaa mafuta, na huku taa yake ikimulikwa kwa mafuta yaliyoletwa kwa lori.

Njia za nchi hii zikaendelea kutengenezwa. Barabara kuu iendayo Zambia ikatiwa lami, na kazi hiyo ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976. Na sehemu yake ya kutoka Mlimba kupanda Makambako ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa wingi wa madaraja na matundu ya kupita ndani ya milima. Katika miaka ya 1980 barabara ya Makambako mpaka Songea nayo ikapata lami kwa msaada wa Uingereza. Lakini kabla nchi haijapata kuifaidi njia fupi, koki ilikuwa imekwisha kufungwa kwingine, mbali sana na Makambako.

Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Israel, nchi za Ghuba zilipandisha bei ya kutangazwa kutoka dola 3 na senti 1 kwa pipa mpaka dola 5 na senti 12. Na nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta zinayoyatoa. Tarehe 1 Januari 1974 bei hiyo ikawa dola 11 na senti 65. Je, gharama ya kuchimba ilikuwa imepanda mara nne katika miezi mitatu? Hata kidogo. Visima vilikuwa vile vile, na mchanga ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mwenye koki alitambua nguvu zake. Na mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ilipanda tena, na kabla ya mwaka 1981 kwisha ilikuwa imepita dola 30.

Sasa tuone jambo hilo lilivyofika shambani. Tangu katikati ya miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania ilikuwa imeweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Njombe, au wa Ruvuma, au wa Rukwa, alilipwa bei sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kuyachukua mahindi ilikuwa juu ya shirika la umma la usagishaji. Kusudi lilikuwa jema: mtu asiadhibiwe kwa kuzaliwa mbali na bandari. Mbolea nayo iliuzwa kwa bei nafuu kwa msaada wa Serikali. Watu wa nyanda za juu, ambao mvua yao ni ya hakika, walilima kwa bidii, na mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la taifa. Wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Ilipata kuwa mkoa mwaka 2012.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ambayo ni mfano tu, ili jambo lieleweke. Tuseme lori moja lachukua magunia 100 ya mahindi, kila gunia kilo 100, kutoka Makambako mpaka Dar es Salaam. Tuseme njia ni kilomita 600, na lori lala lita moja kwa kila kilomita 2. Kwenda ni lita 300. Na kama lari­jea tupu, kurudi ni lita nyingine 300, ingawa litakula pungufu kidogo. Jumla yakaribia lita 600, yaani kila gunia limebeba juu yake lita 6 za dizeli. Hapo bado hatujahesabu safari ya kulitoa gunia kijijini, katika njia ya matope, mahali ambapo lori hula maradufu. Wala hatujahesabu mbolea iliyolipanda hindi lenyewe, ambayo hutengenezwa kwa gesi na mafuta, na ambayo imepandishwa mlima kwa lori lingine. Basi bei ya dizeli ikiongezeka mara nne, mahindi yale yamebadilika kuwa kitu kingine, ingawa punje ni ile ile.

Mkulima hakuyaona haya, kwa sababu bei yake ilikuwa imewekwa. Aliyeyaona ni shirika lililokuwa likinunua, na nyuma yake benki, na nyuma ya benki taifa zima. Madeni ya shirika yaliongezeka mwaka hata mwaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Uganda vikaja mwaka 1978 na 1979. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ununuzi wa mafuta ulikuwa ukimeza karibu nusu ya fedha zote za kigeni nchi iliyozipata kwa kuuza mazao yake, na pengine zaidi. Hapo lile jambo tulilosema msilisahau likarudi. Kahawa, pamba, chai na katani havikuweza kungoja. Viliuzwa kwa bei iliyopatikana. Mafuta yaliweza kungoja. Malori yakasimama kwa kukosa mafuta na vipuri, na mahindi yakalala vijijini hali miji ina njaa.

Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Dunia juu ya utengenezaji mpya wa uchumi. Bei moja ya mahindi ikaachwa kidogo kidogo, na msaada wa bei ya mbolea ukapunguzwa mpaka ukaondolewa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mkulima wa Njombe akaamka akakuta kwamba umbali, ambao kwa miaka zaidi ya 10 alikuwa amesahaulishwa, umerudi wote kwa siku moja juu ya mabega yake. Wengine waliacha kuweka mbolea. Wengine waligeukia viazi na miti ya mbao. Wengine walianza kuuza kwa wafanya biashara waliokuja na malori yao Makambako.

Je, ile bei moja ilikuwa kosa? Wako wasemao ndiyo, na wako wasemao siyo. Sisi twaona ya kwamba kumsaidia mtu wa mbali si kosa. Ila gharama ya njia haikuondolewa. Ilifichwa katika vitabu vya shirika, na kwa kuwa ilifichwa, haikutafutiwa dawa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha zilizolipia dizeli ya kupita katika njia mbovu zingaliandikwa wazi, pengine watu wangaliona mapema kwamba ni afadhali kuitengeneza njia.

Yafaa tuongeze habari moja ya ulimwengu, ili tusidhani kwamba mwenye koki hushinda siku zote. Bei ilipopanda, visima vya mbali navyo vikaanza kulipa. Huko Alaska mafuta yalikuwa yamegunduliwa mwaka 1968, katika nchi ya barafu, na mwaka 1977 yakaanza kupita katika bomba la kilomita karibu 1,300. Katika Bahari ya Kaskazini Waingereza na Wanorwei walitoboa chini ya bahari yenye dhoruba. Mafuta hayo yaligharimu mara nyingi kuliko ya Ghuba, na kwa bei ya miaka ya 1960 yasingalichimbwa kabisa. Lakini yalipofika sokoni yalikuwa mengi, na watu walikuwa wamejifunza kutumia mafuta kidogo; na mwaka 1986 bei ikaporomoka mpaka karibu dola 10. Bei kubwa humwita mgema wa mbali, na mgema wa mbali akija, bei hushuka.

Kwetu pia wagema waliitwa. Makampuni ya nje yalitafuta mafuta pwani na visiwani tangu miaka ya 1950, yakatoboa Mafia, Unguja na Pemba, wasipate mafuta ya kuuza. Mwaka 1974 kampuni ya Italia iligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo. Mngedhani kwamba mwaka ule wa shida gesi hiyo ingetumiwa mara moja. Sivyo ilivyokuwa. Gesi haichukuliwi kwa debe. Yahitaji bomba na mitambo, na wateja walio tayari kuilipia kila siku. Ilikaa chini ya kisiwa miaka 30, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilianza kazi mwaka 2004. Huko Uganda mafuta yaligunduliwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006. Mafuta hayo ni mazito, huganda kama samli yakipoa, na bomba la kuyaleta Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, halina budi kupashwa moto njia nzima. Uamuzi wa kutoa fedha za kulijenga ulifanywa mwaka 2022, miaka 16 baada ya kugundua.

Na mkoa wa Njombe wenyewe una mfano ulio bora kuliko yote. Katika wilaya ya Ludewa, huko Mchuchuma, yako makaa ya mawe yanayokadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni 400, na Liganga kuna chuma tani zaidi ya milioni 120. Wazee wa huko wamesikia habari za utajiri huo tangu utoto wao. Mkataba wa kuchimba na kampuni ya China ulitiwa sahihi mwaka 2011, lakini miaka ikapita na mashauri ya mkataba hayakwisha. Wakati huo makaa ya Ngaka, katika wilaya ya Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka ule ule wa 2011, na malori yakaanza kuyachukua kupita Songea na Njombe mpaka Makambako na mbele, yakichoma dizeli iliyotoka ng'ambo ili kusafirisha makaa yaliyotoka nyumbani. Barabara ya Njombe kwenda Ludewa ni ya milima na mvua nyingi, hata sehemu yake imebidi kujengwa kwa zege. Mali iliyo chini ya ardhi haihesabiwi kwa tani tu. Huhesabiwa kwa bei yake sokoni, ukiisha kutoa gharama ya kuichimba na gharama ya kuifikisha. Kinachobaki ndicho mali. Kama hakibaki kitu, basi ni jiwe kama mawe mengine.

Basi, wasikilizaji, mwulizaji wetu aliyeuliza juu ya kibaba chake cha mafuta apate jibu lake. Bei aionayo ina sehemu tatu, mbali na kodi. Ya kwanza ni ya kisima, nayo hufuata kisima cha shida ambacho dunia haiwezi kukiacha, si kisima cha urahisi. Ya pili ni ya koki, nayo hupanda watu wanapoogopa na wenye mali wanapokaza mkono. Ya tatu ni ya njia. Sehemu mbili za kwanza hazina shauri kwa mtu wa Njombe, wala kwa Serikali yake. Zilionekana tena mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine: petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na mwezi wa Juni mwaka huo Serikali ikatoa shilingi bilioni 100 ili kuipunguza. Nchi inaweza kulia juu ya mambo hayo, lakini haiwezi kuyaamuru.

Sehemu ya tatu ni yetu. Na hapa historia ya nyanda hizi ina neno la kutia moyo. Kampuni ya miwati ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, ilijenga katika miaka ya 1990 mtambo wa umeme uendeshwao kwa kuni za miti yake yenyewe. Na mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako mpaka Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilifunguliwa. Kabla ya siku hiyo mji wa Songea uliwashwa kwa mitambo ya dizeli, na kila lita ya dizeli hiyo ilikuwa imepanda mlima kwa lori kupita Makambako na Njombe. Siku nyaya zilipounganishwa mitambo ile ikazimwa. Hakuna kisima kilichogunduliwa, wala bei ya Ghuba haikushuka hata senti moja; ila njia ilifupishwa, na mafuta mengi hayakuhitajiwa tena kabisa.

Kwa hiyo mtu akisikia ya kwamba bei imepanda, asikimbilie kulaumu mwenye duka wa Makambako, wala asidanganyike na mtu asemaye kwamba kuna utajiri chini ya kilima utakaoondoa shida zote kesho. Kwanza aulize, sehemu iliyopanda ni ya kisima, au ya koki, au ya njia? Akijua, atajua pia kama jambo hilo ni la kuvumilia au ni la kufanyia kazi. Barabara ya kijiji ikichongwa kabla ya masika, lori lenye mahindi litakula mafuta kidogo zaidi, na mwenye lori akipata mzigo wa kurudi nao, zile lita 6 za kila gunia zitapungua karibu nusu. Hilo halingoji ruhusa ya Baghdad.

Tumefika mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Kwaherini.